Mteremko Unaoficha Ugonjwa wa Gari

Ukipanda kutoka soko la Kadutu kuelekea Cimpunda wakati mashofere wanafunga kazi, angalia magari ya zamani yanavyolazwa. Mengi yameelekeza pua bondeni, na chini ya gurudumu kumewekwa jiwe. Mwenye gari hachagui mahali kwa sababu ya mlinzi wala kivuli. Anachagua mteremko. Asubuhi atafungua ufunguo, atakanyaga klachi, ataweka gia ya pili, kijana atavuta jiwe, gari litateleza mita kumi au kumi na tano, kisha ataachia klachi kwa ghafla. Injini itashituka, itakohoa, itawaka. Majirani hawageuzi hata shingo.

Ni ustadi, na siudharau. Hata hivyo naona mteremko huo umewala wenye magari pesa nyingi kuliko ulizowaokolea. Gari linalowashwa kwa kuteremshwa kila siku lina ugonjwa ambao hakuna aliyeuliza jina lake. Ugonjwa unaendelea kimyakimya mpaka siku gari litakapozimika mahali tambarare: kwenye msongamano wa Nyawera, mpakani Ruzizi, au kule chini Kamanyola kwenye njia ya Uvira, ambako hakuna kilima cha kukopa. Siku hiyo mwenye gari anakimbilia batri mpya, anatoa makumi ya dola, anarudi Cimpunda akiwa na amani. Baada ya majuma machache jiwe limerudi chini ya gurudumu.

Cimpunda ni kartiye ya komini ya Kadutu, moja ya komini tatu za Bukavu pamoja na Ibanda na Bagira. Mji wote umekaa kwenye vilima vya kusini mwa Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kadutu ndiko nyumba zilikobanana zaidi, kiasi kwamba familia nyingi hufikiwa kwa ngazi za udongo tu. Magari yanayoweza kuishi na barabara hizo ni yaleyale: Toyota Corolla, Carina, Starlet na Hiace, mengi ya miaka ya 1990. Yametoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, yakapanda bara kwa barabara, na ndiyo maana usukani uko kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Japani huko gari la kawaida hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na ukaguzi una gharama. Linapozeeka, mwenyewe huona nafuu kuliuza. Sisi tunalipokea likiwa limeshaishi maisha yake ya kwanza.

Kwa muda mrefu dawa ya kilima ilifaa kwa sababu magari hayo yalikuwa na gia za mkono. Siku hizi yanakuja zaidi yenye gia za otomatiki, na hayo hayateremshwi yakawaka. Ndani ya gia ya otomatiki nguvu hupita kwenye mafuta yanayosukumwa na pampu, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala, pampu nayo imelala, hakuna kinachounganisha magurudumu na injini. Unaweza kuliachia gari hilo kutoka Cimpunda hadi ziwani, halitawaka, na breki nazo zitakuwa ngumu kama ukuta, maana kifaa kinachosaidia mguu hutegemea injini inayozunguka. Kwa hiyo hata asiyependa kuchunguza atalazimika kujifunza.

Zamani kila mtu alijua kwamba kuwasha gari ni kazi ya nguvu. Malori ya wakati wa Wabelgiji yalikuwa na manivela, chuma kilichopindwa, na boyi-shofere alikichomeka mbele ya injini na kukizungusha kwa mkono. Injini ikipiga kinyume, manivela inavunja mkono au taya. Huko Marekani husimuliwa kwamba kifo cha Byron Carter, mtengenezaji wa magari aliyeumizwa na manivela mwaka 1908, ndicho kilichomfanya Henry Leland wa Cadillac atafute njia nyingine. Kazi hiyo ilimalizwa na Charles Kettering na kampuni yake Delco, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka kiwandani na injini ndogo ya umeme ya kuwashia injini kubwa. Ndiyo demarere ya leo, ile ambayo mafundi wa Dar es Salaam wanaiita stata. Umbo lake limebadilika, mantiki yake ni ileile: batri inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache, injini ndogo inazunguka, jino lake linashika gurudumu kubwa la meno la injini.

Basi gari limekataa. Swali la kwanza, na ndilo wengi wanalolirukia, ni hili: ukizungusha ufunguo, injini haizunguki kabisa, au inazunguka isiwake? Mwenye gari humwambia fundi “motokari inakatala kuwaka” kwa hali zote mbili, na fundi asiyeuliza zaidi anaanza kufungua buji za gari ambalo halina shida ya buji. Hayo ni magonjwa mawili yasiyo na undugu. La kwanza linahusu umeme mkubwa: batri, nyaya nene, demarere. La pili linahusu cheche, esansi na mgandamizo wa hewa. Mtu akikosea hapo, kila noti anayotoa baadaye inapotea.

Tuanze na isiyozunguka, maana ndiyo inayolazwa mteremkoni.

Kuna ukimya mtupu. Kuna “tak” moja, nzito, halafu basi. Kuna “ta-ta-ta-ta” ya haraka. Kuna injini inayojikokota, nguu... nguu..., kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Na kuna mlio mwembamba wa kitu kinachozunguka peke yake bila injini kushituka. Fundi mzuri wa Kadutu husikiliza kabla hajagusa spana, na atakuomba urudie ufunguo huku yeye ameinamisha kichwa.

Usiku unapoingia kuna kipimo kisicho na gharama. Washa taa kubwa za mbele, zielekeze ukutani, na Cimpunda ukuta hauko mbali popote. Mwambie mtu azungushe ufunguo nawe utazame mwanga. Taa zikififia hadi karibu kufa, batri ni dhaifu au umeme unapotelea njiani kwenye nyaya. Taa zikibaki kali na umesikia “tak” moja, umeme umefika kwenye demarere lakini ndani haupiti. Taa zikibaki kali na hakuna sauti yoyote, amri yenyewe haifiki: swichi ya ufunguo, relei, fyuzi, au, kwenye otomatiki, ile swichi ya gia inayotaka uwe kwenye P au N. Nimeona gari la otomatiki lililosukumwa hadi garaji likawaka papo hapo fundi alipohamisha mkono wa gia kutoka P hadi N.

Mwenye multimita anapata zaidi. Batri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha na iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 11.9 imekwisha, hata kama redio bado inaimba. Kisha ipime wakati demarere inavuta: katika hali ya hewa kama ya Bukavu haifai ishuke chini ya 9.6 hivi. Ikianza na 12.6 na kuanguka hadi 7 mara ufunguo unapozungushwa, hiyo ni batri inayoonyesha sura nzuri bila nguvu ndani, na sasa ndipo una haki ya kusema inunuliwe nyingine.

Lakini usiseme bado. Kuna kipimo kimoja ambacho kingefuta biashara ya batri nyingi. Ncha moja ya multimita iweke kwenye nguzo ya hasi ya batri, juu ya risasi yenyewe, si kwenye kosi inayoishika. Ncha nyingine igusishe chuma cha injini kilichosafishwa. Zungusha ufunguo. Kama waya wa masi, ule unaounganisha hasi na chuma cha injini, ni mzima utaona sehemu ndogo tu ya volti. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unaliwa na kutu. Hesabu yake inatisha kuliko inavyoonekana: demarere ya gari dogo huvuta ampea 100 hadi 200, kwa hiyo uchafu wenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, kitu ambacho jicho halikioni, unakula volti 1.5 kwenye ampea 150. Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka nguzo ya batri hadi boliti nene ya demarere.

Mvua za Bukavu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Miezi yote hiyo barabara za Cimpunda hutupa tope jekundu chini ya gari, na waya wa masi umefungwa chini kwenye sanduku la gia, mahali pa tope na mafuta yanayovuja. Juu, kwenye nguzo za batri, kunaota unga mweupe au wa kijani. Kosi inaweza kukazwa hadi isitikisike na bado ndani yake kukawa na utando unaozuia umeme. Dawa ni maji ya moto, soda ya kuokea mikate, msasa, na spana namba 10. Toa hasi kwanza, rudisha hasi mwisho, ili spana isije ikagusa bodi na kurusha moto. Kazi ya nusu saa. Na hapa ndipo siri ya batri mpya inayofanya kazi majuma machache ilipo: wakati wa kuiweka, kosi zilisuguliwa kidogo, na batri yenye nguvu mpya ikaweza kusukuma umeme kupitia uchafu uliobaki. Uchafu uliporudi, na ugonjwa ukarudi.

Batri nazo zina maisha magumu kwetu. Umeme wa mji unatoka kwenye mto Ruzizi, kwenye mtambo wa miaka ya 1950 na mwingine wa mwaka 1989, na mji umeongezeka kupita kiasi kilichokusudiwa. Shirika la umeme, SNEL, likikata, kuna nyumba ambazo batri ya gari huingizwa sebuleni: taa mbili, televisheni, simu za watoto na za majirani. Asubuhi inarudishwa garini ikiwa kavu. Batri ya gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi, ili zitoe umeme mkubwa kwa muda mfupi kisha alternata ijaze upesi. Ukiinyonya hadi mwisho mara kwa mara, chumvi ya risasi huganda juu ya bamba na haitoki tena. Simlaumu mtu anayetaka mtoto asome usiku. Nasema tu kwamba anayefanya hivyo anunue batri ya pili, kuukuu, ya nyumbani, na ile ya gari ilale garini.

Sasa tazama mteremko unafanya nini. Gari linapowashwa kwa kuteremka, demarere haikuombwa kitu. Batri inatakiwa kutoa ampea chache tu za kuamsha cheche na pampu ya esansi, na hata batri iliyochoka hadi volti 11 na kitu huweza hilo. Kwa hiyo unaweza kuendesha miezi ukiwa na batri iliyokufa nusu, kosi zilizooza, au demarere isiyozunguka, na usijue ni ipi kati ya hizo. Alternata inabeba mzigo wote, inajaribu kujaza chombo kilichotoboka, inapata moto, nayo inaharibika. Alternata nzima husoma volti 13.8 hadi 14.5 kwenye nguzo za batri injini ikiwa inanguruma. Ikisoma 12.3 na kushuka, gari linakula akiba na litazimika njiani, popote akiba itakapokwisha. Ugonjwa mmoja wa bei ndogo umezaa wa pili wa bei kubwa, na mwenye gari atalaumu Wajapani.

Ile “tak” moja ndiyo ninayoipenda. Demarere nyingi za Toyota za miaka hiyo hutengenezwa na Denso, na ndani ya kichwa chake kuna vipande viwili vya shaba na sahani ndogo ya shaba inayorushwa na sumaku kuviunganisha. Kila unapowasha gari, hapo panaruka cheche, na shaba inaliwa kidogo. Baada ya miaka upande mmoja umeisha, sahani inafika lakini haigusi sawasawa. Unasikia “tak”, hakuna kitu. Unajaribu tena, “tak”. Mara ya saba inashika, injini inawaka kwa furaha kana kwamba hakuna lililotokea. Mwenye gari anasema batri. Anayekuja na batri ya jirani na nyaya za kuazima naye anasema batri, kwa kuwa mara ya saba iliwaka wakati nyaya zimeunganishwa.

Kinachohitajika ni kufungua boliti chache na kubadilisha vipande hivyo vya shaba. Mahali ambapo vya dukani havipatikani, mafundi huchonga vya kwao kutoka shaba kuukuu, na kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu. Sharti ni moja: vipande viwili vilingane urefu kabisa. Kimoja kikitangulia kidogo, sahani itakaa upande, cheche zote zitaruka sehemu moja na shaba mpya itaungua haraka kuliko ya zamani. Bei yake hailingani hata kidogo na ya demarere nzima iliyotolewa kwenye gari jingine, ambayo nayo, kumbuka, imekula shaba yake kwa miaka ileile.

Wapo wanaopiga demarere kwa nyundo. Inasaidia kweli, wakati mwingine, kwa sababu makaa yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka yamekuwa mafupi na kunasa, na mtikisiko unayasogeza. Nyundo ikifanya kazi, tayari imekupa jibu: makaa yamekwisha. Kuendelea kupiga kila asubuhi ni kukataa jibu ulilopewa. Na mlio mwembamba wa demarere inayozunguka peke yake una maana yake pia. Jino la demarere halitoki kushika, au meno ya gurudumu la injini yamelika. Injini ya silinda nne ina tabia ya kusimama karibu mahali palepale inapozimwa, hivyo meno ya sehemu hizo hupigwa kuliko mengine. Ukiweka gia na kulisukuma gari kidogo, gurudumu linahama na demarere inashika. Kulitengeneza kunataka sanduku la gia lishushwe, kazi ya siku nzima, na hapo nakubali kwamba mtu anaweza kuvumilia na kilima chake hadi pesa ipatikane. Angalau anajua anachokivumilia.

Tuje kwenye injini inayozunguka vizuri isiwake. Hapa Bukavu ina vituko vyake.

Msimu wa mvua, mtuhumiwa wa kwanza ni delko, kile chombo chenye kifuniko cheusi na nyaya nne zinazokwenda kwenye buji. Kifuniko kikiwa na ufa mwembamba, unyevu wa usiku huingia na cheche hupotelea kwenye ufa badala ya kwenda kwenye buji. Asubuhi gari halikubali, saa nne jua likitoka linakubali, na mwenyewe anaapa kwamba gari lake lina pepo. Toa kifuniko, kikaushe kwa kitambaa, tazama ndani kama kuna mstari mweusi kama wa penseli. Ukiuona, nunua kingine. Kupima cheche, toa buji moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze chuma kwa chuma juu ya injini, mwenzako azungushe ufunguo. Cheche ya bluu inayolia ni nzima, ya rangi ya chungwa isiyo na sauti ni dhaifu. Usishike waya kwa mkono, ni maelfu ya volti. Usiuache waya hewani bila buji, kwa kuwa cheche isiyo na pa kwenda hurudi na kuua moduli ya umeme. Na chupa ya esansi iwe mbali, jambo ambalo nisingelitaja kama nisingekuwa nimeona chupa hizo zinakokaa.

Esansi yenyewe ni habari nyingine. Kadafi, wauzaji wa esansi wa kando ya njia, wameokoa watu wengi waliokwama mbali na pompe. Lakini esansi iliyopita kwenye madumu mengi inaweza kuwa na maji, au mafuta ya taa yaliyoongezwa ili ijae. Chukua kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji hukaa chini na mstari wake huonekana wazi. Mafuta ya taa hayaonekani, ila paka tone kwenye karatasi: esansi safi huruka yote, iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Gari lililokunywa mchanganyiko huo huwaka kwa shida likiwa baridi, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi. Hapo buji mpya hazisaidii. Kinachosaidia ni kumwaga tangi.

Kwenye gari la injekta, fungua ufunguo bila kuwasha, au mwambie mwenzako awashe huku wewe umeweka sikio karibu na kiti cha nyuma. Pampu nzima inanguruma kwa sauti ndogo. Ukisikia kimya, anza na fyuzi na relei kabla ya kuihukumu pampu, kwa sababu fyuzi inauzwa bei ya andazi. Kwenye zile za kabureta, mwinuko wetu unaongeza lake. Kwenye mita 1,500 hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, hivyo kabureta iliyopangiwa pwani humwaga esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Buji zinakuwa nyeusi na kulowa. Dereva akizidi kukanyaga mafuta mara kadhaa kabla ya kuwasha, kama alivyofundishwa na mjomba wake, anaifurikisha injini. Hapo anatakiwa kukanyaga hadi chini, ashikilie bila kupampu, azungushe ufunguo, hewa iingie ikaushe.

Ikiwa injini inazunguka haraka na kwa wepesi kuliko kawaida, laini, bila yale mapigo ya nguvu, acha demarere mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Kwa injini nyingi hiyo ni msiba, valvu zinagonga pistoni. Injini ya 4A-FE ya Corolla na Carina za miaka hiyo ina bahati, valvu na pistoni havikutani, na mkanda mpya hurudisha uhai. Wachache wanaonunua gari kuukuu huuliza mkanda ulibadilishwa lini.

Na Toyota hizo zina mdomo wao. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani, matundu mawili yameandikwa TE1 na E1. Yaunganishe kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, kisha mara mbili, hiyo ni 12: kompyuta haioni injini ikizunguka, angalia kihisi kilichomo ndani ya delko na nyaya zake. Mara moja kisha mara nne, 14, ni tatizo la cheche. Mbili na mbili, 22, ni kihisi cha joto la maji, ambacho kikidanganya kompyuta kwamba injini ina joto, gari baridi hunyimwa esansi ya kutosha. Kipande cha waya kinatosha kwa yote hayo.

Kwa nini basi ujuzi huu hautumiki zaidi? Vijana wa ufundi wapo, na shule za ufundi zipo mjini, Fundi Maendeleo ikiwa mojawapo. Nadhani tatizo liko kwenye namna tunavyolipa. Mteja wa Kadutu hulipa kitu kilichobadilishwa, akione, akishike, achukue cha zamani nyumbani. Fundi akitumia saa nzima kusikiliza na kupima, kisha akasugua kosi kwa msasa, mteja atauliza, “Sasa Papa, umefanya kazi gani?” na kumpa pesa ya maji. Fundi yuleyule akisema batri imekufa, akaenda kuileta, atapata kamisyo dukani na shukrani za mteja. Hata aliye mwaminifu hujifunza upesi kinacholisha watoto. Na tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na benki kufunga milango, pesa taslimu ni adimu, watu wanashikilia magari waliyonayo, na kosa la kununua kifaa kisichohitajika linauma zaidi.

Pendekezo langu ni la kawaida: uchunguzi uwe na bei yake, itajwe kabla boneti haijafunguliwa, na ipunguzwe kwenye gharama ya matengenezo kama mteja atatengeneza hapohapo. Mafundi wengine watacheka. Watasema hakuna anayelipia kutazamwa. Lakini kwenye garaji zenye skana, wateja walewale wanalipa bila kubishana mara kile kikompyuta kinapochomekwa na kuonyesha namba. Wanalipia kutazamwa, ila wanataka itazame mashine. Na Carina ya mwaka 1994, wanayoileta kwa fahari ikisukumwa na watoto sita, haina hata tundu la kuichomekea.